Wanaoonekana Kila Siku

Cherop mwanangu,

Mambo ya blanketi, ya unga, na ya nani atakupokea Kisumu, mama yako ameyamaliza, na unajua akishamaliza jambo hakuna wa kuongeza. Mimi nimebaki na moja tu. Jana jioni uliitoa kamera kwenye begi ukaiweka juu ya kabati, pale tunapoweka vitu visivyotumika, ukasema labda hufai kazi hii ya kupiga picha. Tangu hapo hujanisemesha. Kesho asubuhi gari linakuja kukuchukua, na kamera bado iko juu ya kabati. Naiona kutoka hapa nilipokaa.

Ndiyo maana naandika. Nikiwa na neno hulitoa kwa sauti ya mtu anayehutubia uwanja, hata kama aliye mbele yangu ni binti yangu anayekula viazi. Kwenye karatasi angalau sauti haipandi.

Ile picha ni nzuri. Hilo lilipaswa kuwa la kwanza kusemwa jana, na sikulisema kabisa. Mteremko wa shamba la Mama Kiprono, ukungu umewafika wanawake kiunoni, vikapu mgongoni, na mikono yao iko mbele kama ya watu wanaotafuta kitu ndani ya maji. Hata chai yenyewe ilionekana kama inapumua. Nilipoitazama nilisikia baridi ya asubuhi kwenye vifundo vya vidole. Kisha nikasoma chini yake. Ofisi ya Kisumu ilikuwa imewaambia ninyi mnaoanza kazi, kila mmoja aje na picha moja ya kwao na sentensi moja ya Kiingereza, na wewe uliandika: "Tea pickers are a common sight in Kericho." Yaani, wachumaji chai kwetu ni kitu cha kuonekana kila mara.

Nikalipuka.

"Hii si sentensi," nilisema. "Hii ni shuka ya kufunikia maiti."

"Aki, Baba. Ni maelezo ya picha tu."

"Nani alikufundisha kuandika hivi?"

"Si ni wewe?" Ulinitazama moja kwa moja, kama mimi ninavyowatazama watu kwenye baraza. "Makala zako zote ziko na hiyo maneno. Barabara mbovu ni 'a common sight.' Machifu walevi ni 'a common sight.' Nimekua nikizisoma. Nilidhani hicho ndicho Kiingereza chenyewe."

Mama yako alicheka kule jikoni mpaka mwiko ukamtoka mkononi.

"Sasa niandike nini?" uliniuliza.

Unanijua nikikosa jibu ninafanya nini. Nilisema kwamba mtu asiyeona hana haki ya kubeba kamera. Hapo ndipo uliposukuma sahani ukaondoka. Mama yako alikuja akaketi kwenye kiti chako, akala kiazi chako, akaniambia polepole, "Baba Cherop, umezoea kupigana na serikali. Sasa huyu ni serikali?"

Nimelala na swali lako, nikaamka nalo, na bado ninalo. Acha nikueleze linanipeleka wapi.

Hayo maneno ya Kiingereza niliyapata darasani, nikiwa na kaptura ya khaki na miguu mitupu. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mtu mwembamba aliyependa lugha kama wengine wanavyopenda nyama. Alituandikia ubaoni misemo ya kupamba insha, tukaambiwa kila mmoja atunge sentensi kwa msemo huu. Mmoja akasema ng'ombe barabarani. Mwingine akasema mvua ya mawe, na kwa Kericho hiyo ilikuwa haki yake. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na dirisha. Ng'ambo ya mto kulikuwa na kilima cha shamba kubwa la chai, na asubuhi hiyo ukungu ulikuwa unakipanda na kukishuka, vitambaa vya kichwani vikitokea na kupotea humo, chekundu, cheupe, cha njano, kama maua yanayoota na kunyauka kwa pumzi moja. Kimojawapo kilikuwa cha mama yangu. Nikasimama nikasema, "My mother is a common sight on the hill."

Darasa lilianguka kwa kicheko. Mwalimu hakucheka. Alifikiri kidogo akasema, "Hakuna kosa. Lakini mtu haandiki hivyo juu ya mama yake. Sema wanawake."

Nikasema wanawake. Nikapata alama ya vema.

Hiyo vema nimetembea nayo tangu siku hiyo, Cherop. Nimesoma vitabu vingi kuliko rafu zetu zinavyoweza kubeba, nimegombana na wasomi na wachungaji na wanasiasa, na haikunijia hata mara moja kujiuliza mwalimu yule alitaka nini kwangu. Ili sentensi ikubalike, ilibidi kwanza mama yangu atoke ndani yake.

Nilipoanza kuandika magazetini niliubeba msemo ule kama rungu. Niliamini kwamba ukiwaambia wakubwa uovu fulani umeenea kila mahali, wataona aibu. Unakumbuka daraja la magogo lililokuwa pale chini, mlipokuwa mkivuka kwenda shule? Mvua ikinyesha mto ulikuwa unapita juu yake, na ninyi mlivua viatu mkabeba madaftari kichwani. Niliandika juu yake makala kali kuliko zote nilizowahi kuandika. Nikamaliza kwa kusema watoto waliolowa mpaka kifuani sasa ni "a common sight" katika sehemu zetu. Nililala usingizi wa mshindi.

Basi baraza likaitishwa. Mkubwa mmoja wa mambo ya barabara akaja na gari safi, akasimama mbele yetu, akatabasamu. "Hata Mwalimu wenu huyu ameandika," alisema, "kwamba hayo ni mambo ya kuonekana kila siku. Si jambo geni. Tuwe na subira." Watu wakacheka, wengine wakanigeukia. Nilikuwa nimempa udhuru wake mwenyewe, tena kwa Kiingereza kizuri.

Aliyeokoa siku ile huenda unamkumbuka kama ndoto. Mama yako alipita katikati ya watu akikushika mkono. Ulikuwa umetoka mtoni, sketi imegandamana na miguu, maji yanakudondoka. Hakuomba ruhusa kwa mwenyekiti. Alikusimamisha mbele ya yule mkubwa, karibu kabisa, mpaka viatu vyake vikapata matone.

"Huyu anaitwa Cherop," alisema. "Guza mkono wake."

"Mama, tutashughulikia..."

"Guza kwanza. Halafu utashughulikia."

Akaugusa. Sijui alihisi nini. Najua tabasamu lilimtoka, na najua alilivua koti lake akakufunika, na wewe ukalivaa ukiwa umekunja uso kama malkia aliyeletewa zawadi ndogo. Daraja halikujengwa wiki hiyo wala mwezi huo, lakini lilijengwa. Watu husema ni kalamu yangu, nami kwa miaka mingi sijawasahihisha.

Wewe mwenyewe basi uliwahi kuwa ndani ya huo msemo, mwanangu. Nilikuweka mimi, na mama yako akakutoa.

Nimekuwa nikifikiri pia juu ya siku ya jina lako. Hapa kwetu akina Cherop hawahesabiki. Ukisimama sokoni Kapkatet ukaita Cherop, nusu ya soko itageuka, maana mtoto wa kike akizaliwa mvua ikinyesha ndilo jina lake, na mvua yetu haijui kukosa. Lakini mimi nilikuwepo katika ile ya kwako. Ilianza bila ngurumo, mchana, jua likiwa bado limesimama, matone makubwa yanayokaa mbali mbali, kama kwamba mtu anayajaribu moja moja kabla hajaamua. Harufu ya vumbi iliinuka mpaka mlangoni. Mabati yakaanza kuongea. Nilikuwa nimesimama chini ya paa na kitabu kwapani, mwalimu kijana aliyekuwa ameshasoma kiasi cha kudharau kila kitu kilichofanywa na bibi zake.

Ndani, bibi zako walikuwa wanakutafutia jina lile jingine, la mzazi aliyetangulia. Unajua inavyofanywa. Mtoto anashikiliwa, majina ya waliokwenda yanaitwa moja baada ya jingine, na jina ambalo atapigia chafya, hilo amelikubali. Mimi pale nje nilikuwa naandaa hoja. Nilikuwa nitawaeleza kwamba chafya ni pua tu, haina uhusiano na babu wala bibi. Nikasikia sauti ya mama yangu ikiita jina, halafu kimya. Jina jingine, kimya. Wanawake wazima, ambao kila mmoja alikuwa amesikia chafya kila siku ya maisha yake, walikuwa wamezuia pumzi wakiingojea moja. Hata mvua ilionekana kama imepunguza. Jina, kimya. Mama yangu akaita, "Tapkigen," jina la bibi yangu, aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Na ukapiga chafya, ndogo, kama ya paka.

Kelele zilizotoka chumbani mle zilinitoa machozi, na kitabu kikalowa kwa sababu nilisahau kukihifadhi. Hoja zangu sikuzitoa. Mpaka leo siamini kwamba chafya inachagua jina, na nitabishana na yeyote anayetaka. Lakini namna ile ya kungoja sijaiona tena popote, si kanisani, si chuoni.

Leo asubuhi, wewe ukiwa umelala au umejifanya umelala, nilikwenda kwenye mteremko wa picha yako. Ukungu ulikuwa umekaa. Sauti zilinifikia kabla ya watu, maana ndivyo ilivyo kwetu, mtu unamsikia akicheka, kisha kichwa kinatokea, kisha kikapu.

"Mwalimu!" Mama Kiprono ndiye aliyeniona kwanza. "Leo umekuja kuchuma ama kutuhutubia?"

"Nimekuja kuona."

"Kuona nini na umezaliwa hapa?"

Wakacheka, wale wa karibu na wale ambao sikuwaona. Mikono yake haikusimama. Unajua inavyokwenda, kama ina macho yake.

"Cherop alisema picha inaenda Kisumu," aliniambia. "Gambuti yangu mpya imeonekana?"

"Ukungu umefunika miguu yote."

"Haiya! Si angengoja ukungu uondoke? Na hapo chini ameandika nini?"

Nikamtafsiria. Akachuma kidogo akiwa anafikiri, akatupa majani nyuma ya bega.

"Si ni ukweli? Kwani ulitaka aandike tumepotea?"

Nikaanza hotuba. Nikasema maneno ya namna hiyo huwafanya watu waache kutazama. Nikamwonyesha ng'ambo ya mto, kwenye kilima cha mama yangu, ingawa ukungu ulikifunika chote. Nikamwambia: kule zamani kulikuwa na wanawake wa vitambaa, magazeti na kalenda zikasema wanaonekana kila mara, na sasa kuna mashine za kuchuma na vijana wachache walioziba masikio kwa kelele zake. Ni nani aliyeona siku walipoondoka?

"Wewe uliiona?" aliuliza.

Sikuiona. Nimejaribu siku nzima kukumbuka lini nilitazama dirishani nikakosa vitambaa. Hakuna siku kama hiyo kichwani mwangu. Kuna kilima chenye rangi, halafu kuna kilima kisicho na rangi, na katikati ni ukungu tu. Nilikuwa naandika.

Mama Kiprono hakunicheka kwa hilo. Alisema, "Mimi, mtu akiniona kila siku nafurahi. Ile wakati nilishikwa na homa, unajua nani alikuja? Ni Mama Cherop. Alisema hajaona kitambaa changu hapa chini tangu juzi. Mtu wa mbali angejuaje sijatokea?" Kisha akaongeza kwa sauti ya kuwafurahisha wenzake, "Hata wewe tunakuonanga, Mwalimu. Unapita na mwavuli ukiongea peke yako na kurusha mikono. Siku utakosa kupita, tutakuja kuona kama umeshinda hiyo kesi ama umekufa."

Ukungu wote ukacheka. Nilirudi nyumbani njia nzima nikijizuia nisirushe mikono.

Kwa hiyo rungu langu limenigeukia mara mbili, mara ya kwanza barazani, mara ya pili leo. Jana nilikuwa na hakika kwamba msemo ule ni uongo. Leo sina hakika. Mkubwa yule alipousema ulikuwa mlango wa kutokea. Mama Kiprono akiusema ni kama mtu anayekuhesabu usiku kabla hajafunga nyumba. Maneno ni yale yale. Nadhani, na nasema nadhani, tofauti ni kama anayeyasema atajua siku ukikosekana.

Huko unakokwenda utaona watu wengi kila siku. Wanaochoma samaki, wanaosukuma mikokoteni, wanaolala kwenye baraza za maduka. Utawazoea, maana hakuna macho yanayoweza kushangaa tangu asubuhi mpaka jioni, na ukijaribu utaugua. Usijilaumu kwa kuzoea. Mimi nilifikiri dawa ya kuzoea ni kukasirika, nikakasirika miaka yote hii kwa bidii, na kilima kikabaki bila watu mbele ya macho yangu. Mama yako hajawahi kuandika mstari gazetini, na amejua kila kitambaa kilichokosekana katika bonde hili. Simsifu ili kukupa mfano. Namwonea wivu.

Kuhusu ile sentensi, fanya utakavyo. Ukiiacha ilivyo, sitagomba. Ukitaka kuandika "Mama Kiprono, ambaye gambuti yake mpya haionekani," mimi nitacheka na ofisi yako haitakuelewa, lakini Mama Kiprono ataitundika ukutani. Labda kuna njia ya tatu na wewe utaipata, kwa kuwa ulipiga picha ile kabla hujatafuta maneno. Ulikwenda gizani, ukasimama kwenye umande, ukangoja. Niliyekuwa na maneno kwanza ni mimi.

Na lile nililosema, kwamba huoni, nalirudisha kinywani mwangu. Mtu asiyeona haulizi "sasa niandike nini?" Mimi nimeandika nusu ya maisha yangu bila kuuliza hivyo hata siku moja. Uliniuliza swali la kazi yako, swali halisi, nami nikakujibu kama adui kwa sababu lilinipata. Ukikaa nyumbani kwa ajili ya kelele zangu, nitakuwa nimefanya kwa mkono wangu yale ninayowatukania wengine. Nenda. Si kwa sababu nimekuruhusu, hukuomba ruhusa. Nenda kwa kuwa kuna kazi, na wewe unaiweza.

Nilitaka kuishusha kamera mimi mwenyewe na kuirudisha kwenye begi. Nilisimama, nikanyoosha mkono, nikaketi tena. Hiyo ingekuwa hotuba nyingine.

Umepita nyuma yangu sasa hivi. Nimejifanya nasoma. Nimesikia stuli ikiburutwa mpaka kwenye kabati, na pumzi yako ukijinyoosha, na kitu kizito kikishushwa taratibu kwenye mbao. Sijageuka. Ulisimama muda hapo, nadhani ulikuwa unanitazama mgongo, nami nimekaa wima kama mtu anayepigwa picha. Kisha mlango wako, kisha zipu. Ni ile ndefu ya begi kubwa, na imekwama kwenye kona. Usiivute kwa nguvu, Cherop. Irudishe nyuma kidogo, itafunga.

Baba yako.